Tairi Mbili za Nyuma

Nyakato, Mwanza
8 Juni 1993

Shemeji Bagenda,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Dada yako Josepha mzima, yuko zamu kule zahanati ya Kirumba, amesema nikusalimie na kwamba ndizi ulizoleta mara ya mwisho zilikuwa tamu kuliko mlizoleta kwenye harusi. Gari letu nalo zima. Naliita letu, maana kila nikiingiza gia nakumbuka kahawa yako iliyonunua nusu yake, na mgongo wangu uliochubuka kwenye kiwanda cha minofu kununua nusu nyingine. Mark II moja, mashemeji wawili. Abiria wa uwanja wa ndege wakiliona wanaacha teksi zote wanakuja kwangu.

Nina shida ndogo. Naomba unitafutie tairi mbili za nyuma. Siyo mitumba. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, mji huu umejaa tairi zilizochoka kutoka kwa watu wengine, sitaki. Wewe uko karibu na Mutukula, ukivuka upande wa Uganda vitu vizuri vipo. Nataka ziwe mpya, pana, zenye kashata nzito, vile vinundu vya mpira ambavyo kidole kikiingia katikati yake kinapotea. Ringi ni kumi na nne. Mpe Chenge wa melini, atanishushia hapa bandarini.

Zifike kabla ya Jumapili ya tarehe ishirini na tano Julai, tafadhali. Usiniulize mengi, ni mambo ya kazi tu.

Wako shemeji,
Obiero Otuoma


Kamachumu, Bukoba
16 Juni 1993

Shemeji Obiero,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeandikiwa na mtu mwingine.

Nikuulize kidogo tu, kwa kuwa umenikataza kuuliza mengi. Mwenye teksi hununua tairi nne, au moja ikipasuka. Wewe unataka mbili, na zote za nyuma. Za mbele zimekukosea nini? Halafu, teksi ninayoijua mimi haina tarehe ya mwisho. Abiria wa tarehe ishirini na tano ni nani huyo, askofu?

Na hizo kashata za kupoteza kidole ni za nini? Kutoka mjini hadi uwanja wa ndege ni lami tupu. Nimepita hapo mwenyewe nikiwa nimekaa kiti cha mbele, na wewe ukinionyesha redio.

Jumapili kanisani nilikaa benchi moja na wazazi wa Jovinary, yule kijana anayenunua sangara huko kwenu. Baba yake hakumaliza hata wimbo wa kuingilia, ananisifia gari jekundu la mwanawe kwamba likipita kuku wanasahau njia ya nyumbani. Unamfahamu?

Sisemi kitu. Nauliza tu. Lakini wazee walishasema mficha uchi hazai.

Bagenda


Nyakato
22 Juni 1993

Shemeji,

Shikamoo tena. Mbona unaniandikia kama polisi wa barabarani? Ninyi Wahaya mkisoma sana mnaanza kushuku hata salamu.

Tairi ni za nyuma kwa sababu gari hili husukumwa kutoka nyuma, na za nyuma ndizo zinazokula kazi. Kashata nataka kwa sababu siku hizi wateja wangu wamejenga juu ya mawe kule Ilemela, na njia zao zina tope baya. Wewe hujakulia Shirati. Sisi tumefundishwa kuendesha kwenye udongo mweusi wakati wa masika. Kule ukiwa na tairi la kipara unalala porini na mbuzi wako, na mwenye kashata anakupita akikupungia mkono. Tairi ni kashata, shemeji. Mengine ni urembo.

Huyo Jovinary nimemsikia tu. Watu wengi wananunua sangara.

Tafadhali zisichelewe.

Obiero


Kirumba
24 Juni 1993

Kaka Bagenda,

Shikamoo. Naandika nikiwa zahanati, mgonjwa mmoja amelala na wengine hawajafika. Chenge nimemwambia barua hii akupe mkononi, asimpe mtu yeyote wa nyumbani.

Kaka, usiamini habari za tope. Huku ni kiangazi, vumbi linatuingia hadi kwenye uji. Obiero ameweka gari rehani kwa maneno yake. Yeye na Jovinary watashindana kwenye barabara ya uwanja wa ndege, pale iliponyooka, Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Ni gari kwa gari. Atakayeshindwa anatoa ufunguo palepale. Wanawake wa soko la samaki la Mwaloni wanajua, wavuvi wanajua, mimi mke wake ndiye niliyekuwa sijui.

Yalianzia baa. Jovinary alilipiga gari letu teke kwenye tairi, akasema hili ni la kubebea wajawazito. Basi mume wangu akavimba. Unamjua.

Nimejaribu kumzuia kwa kuzungukazunguka, lakini ameshapeana mkono mbele ya watu, na kwao mtu aliyepeana mkono akirudi nyuma hana pa kukaa kwenye kilabu hata msibani. Atashindana tu. Kwa hiyo kaka, mimi ninachoomba ni ashinde. Wewe una akili ya kutafuta. Tafuta tairi za kushinda.

Na nakusihi, asijue kuwa nimekuambia. Akijua nimepeleka aibu yake kwa shemeji zake, ndani ya nyumba hii hatutazungumza tena.

Mdogo wako,
Josepha


Kamachumu
3 Julai 1993

Josepha,

Barua hii uisome kisha uiwashie moto wa chai.

Nimekasirika hadi nikashindwa kula. Nusu ya gari lile ni kahawa niliyoianika kwa mikono hii, na mtu ameiweka barabarani kwa sababu ya teke la mlevi. Nilitaka kupanda meli nije nimshike shati. Kisha nikakumbuka ulichoniomba.

Nimevuka mpaka mwenyewe, nikafika hadi Masaka kwa fundi mmoja aliyewahi kuendesha magari ya mashindano. Nikamweleza: gari la kawaida, lami kavu, mstari ulionyooka, kuondoka mpaka kufika. Akacheka niliposema kashata. Amesema kashata ni za tope. Kwenye lami kavu vile vinundu vya mpira hujikunja, tairi linazunguka bure na gari linabaki. Kinachotakiwa ni mpira laini, mpana, wenye mifereji michache tu, na upepo upunguzwe ili tairi lilale chini na kushika. Tena lizungushwe kidogo palepale kabla ya kuanza, lipate moto.

Anazo mbili za namna hiyo. Kuzitazama utadhani zimetupwa jalalani. Nitazituma. Wewe kazi yako ni moja, azifunge hizo.

Kaka yako,
Bagenda


Kamachumu
12 Julai 1993

Shemeji Obiero,

Marahaba, na samahani kwa maswali yangu ya mwezi uliopita. Mzee nikikaa bila kazi naanza kuwashuku hata kuku wangu.

Chenge anakuletea tairi zako. Usizihukumu kwa sura. Ni tairi nzuri sana za teksi. Nimehakikishiwa na mtu anayejua.

Maelezo machache ya matumizi. Upepo usijaze sana, jaza kidogo kuliko ulivyozoea, kwa kuwa abiria wa ndege hupenda kukaa kwa raha. Pia kabla ya kuanza safari, hasa ya Jumapili, zizungushe kidogo palepale mpaka zipate joto, maana mpira huu hupenda joto. Na usizifunge kwa safari nyingine kabla ya hapo. Zipumzike.

Za mbele acha zilezile.

Shemeji yako mwenye kukutakia mema,
Bagenda


Nyakato
17 Julai 1993

Shemeji Bagenda,

Shikamoo.

Tairi zimefika. Chenge alipoziteremsha bandarini wapagazi walicheka hadi mmoja akaweka gunia chini. Mimi nilicheka nao ili nisilie.

Shemeji, hazina kashata! Zina mifereji miwili kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Nimezishika, zinanata mkononi kama ulimbo, mchanga wote wa uani umeganda juu yake. Huo ni mpira uliooza juani, hata mtoto anajua. Halafu unaniambia nipunguze upepo. Halafu unaniambia nizunguke palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, eti mpira unapenda joto. Nimeendesha gari miaka tisa, sijawahi kusikia tairi la kupumzishwa.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Josepha alipoziona hakushangaa. Amesema, "Zifunge hizohizo, kaka hawezi kukutumia kitu kibaya." Nimemwambia zimeoza. Amesema, "Hazijaoza, ni laini." Josepha! Mwanamke ambaye hadi leo jeki anaiita "kile chuma". Tangu lini amejua tairi laini na tairi gumu? Jana ameniuliza tena, na leo asubuhi kabla ya chai. Mnaandikiana nini ninyi wawili?

Nimekaa nikakumbuka pia kwamba ni wewe uliyelitaja jina la Jovinary, mimi sikuwa nimelitaja. Jovinary wa Kamachumu. Bagenda wa Kamachumu. Benchi moja kanisani. Sisemi kitu, nauliza tu, kama ulivyonifundisha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Usihangaike tena. Nimepata nyingine hapa mjini kwa tajiri mmoja, mpya kabisa, bado zina vinyweleo vya kiwandani, na kashata zake kidole kinapotea. Zako nimeziegemeza ukutani, kuku wanazikalia.

Obiero


SIMU YA MAANDISHI
BUKOBA 21 JULAI 1993

OBIERO OTUOMA NYAKATO MWANZA

FUNGA NILIZOTUMA. UPEPO KIDOGO. NAAPA KWA KABURI LA BABA YANGU. USIULIZE.

BAGENDA


Nyakato
27 Julai 1993

Shemeji,

Shikamoo. Sijui kama bado utaiitikia.

Simu yako ilifika Ijumaa. Nilikaa nayo kwenye kiti cha dereva nikaisoma mpaka karatasi ikalowa jasho. Nikajiambia, mtu hawezi kuapia kaburi la baba yake kwa ajili ya teksi. Kwa hiyo Bagenda anajua. Na kama anajua na hasemi, yuko upande wa nani? Ungeniandikia "Obiero wewe ni mjinga, nimesikia umeweka gari letu rehani", ningekuamini. Umeniandikia habari za abiria kukaa kwa raha. Nilijibu peke yangu swali hilo, na nilijibu vibaya.

Sasa nakuambia lile ambalo nilipaswa kukuambia mwezi Juni. Hakukuwa na tope Ilemela. Yalikuwa mashindano, mimi na Jovinary, gari kwa gari.

Watu walitoka misa ya kwanza wakaja wakapanga mistari pande zote mbili za barabara. Nilikuwa nimefunga zile mpya, nimejaza upepo hadi zikawa ngumu kama mawe, nikajiona. Leso ikaangushwa. Nikakanyaga mafuta. Shemeji, zile kashata zililia. Zilitoa moshi mpaka sikuona mbele, gari likawa linatingisha makalio palepale na mimi ndani yake nashikilia usukani. Lilipoanza kwenda, Jovinary alikuwa mdogo kule mbele, na watu walishaanza kumshangilia. Nilimfukuza nikamkaribia, lakini barabara ikaisha.

Jioni alikuja kuchukua gari. Nilimpa ufunguo mbele ya Josepha. Alipokuwa anatoka uani akaziona tairi zako ukutani. Alifukuza kuku, akachuchumaa, akabonyeza kwa kucha. Akauliza, "Nani amekuletea hizi?" Akasema, "Hizi nimezitafuta Kampala nikakosa. Ungefunga hizi, bwana, leo ungeondoka na la kwangu." Alitaka kuzinunua. Nilimwambia aondoke.

Nimepoteza gari letu. Siwezi kuandika vizuri, naona aibu na naona uchungu. Josepha anapika, anasafisha, haniambii hata neno baya, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko matusi.

Nakuuliza jambo moja tu, na safari hii nauliza kweli. Ulijua?

Obiero


Kamachumu
4 Agosti 1993

Shemeji Obiero,

Marahaba. Siwezi kuacha kukuitikia, wewe ni mume wa dada yangu.

Nilijua. Aliyeniambia usimtafute. Alikuwa anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, hilo linatosha.

Nilijua tangu mwisho wa Juni. Nilikwenda Masaka na kurudi na homa, nikakaa na zile tairi chumbani kwangu siku kadhaa zikinuka, nikitafuta maneno ya kukuambia jinsi ya kuzitumia bila kukuambia kwamba najua za nini. Nilijiona mwerevu sana nilipoandika habari ya raha za abiria. Mke wangu aliniuliza nacheka nini. Sasa sicheki. Nilisitiri aibu yako kama shemeji anavyotakiwa, na kwa heshima hiyo nimekufilisi na kujifilisi mwenyewe. Kama ningekutukana, leo tungekuwa na magari mawili.

Lakini hasira hainitoki, Obiero. Kila Jumapili nakaa benchi moja na yule mzee. Jumapili iliyopita alinigeukia wakati wa amani ya Kristo, akanishika mkono, akasema mwanangu ameongeza gari. Nilirudi nyumbani nikaandika barua kwa Jovinary. Nimemwambia aliweke lile Mark II mstarini tena, barabara ileile, Jumapili ya tano Septemba. Fundi wa Masaka ataniazima gari lake, na nitaliendesha mimi mwenyewe. Kwa upande wangu nimeweka kibanja chetu cha migomba. Barua aliivusha Chenge, na jana amekubali kwa simu ya maandishi, ninayo.

Najua utasema nimechanganyikiwa. Lakini safari hii hatufichani, na tunajua siri ya tairi. Hatuwezi kushindwa.

Zile mbili ukutani zitunze kama mayai. Zitoe juani, waondoe kuku. Nitakuja na meli mwisho wa mwezi. Josepha usimwambie, ataanza kulia.

Bagenda


Nyakato
10 Agosti 1993

Kaka Bagenda na mume wangu Obiero,

Nimeandika nakala mbili zinazofanana. Moja anaipeleka Chenge, nyingine naiacha juu ya mto. Nimechoka na barua za mtu mmojammoja.

Ni mimi niliyemwandikia kaka. Obiero, umekuwa ukinitazama kwa pembe ya jicho tangu Julai ukijiuliza, sasa acha kujiuliza. Nilikuwa na maneno matatu ya kukuambia mezani, "Kaka ametoka Masaka", nikayameza kwa sababu niliogopa utanuna. Nimekaa nikakutazama unafunga tairi za kushindwa, na funguo za taya yangu ninazo mwenyewe. Nimelia kwa hilo, lakini siyo mbele yenu.

Barua ya kaka ya tarehe nne nimeisoma, ulikuwa umeificha ndani ya kiatu, Obiero, na ni mimi ninayepiga viatu vyako rangi. Mlisema hamfichani tena. Mlimaanisha ninyi wawili.

Kaka, kibanja. Nimesoma neno hilo nikatoka nje kutafuta hewa. Baba amelala pale. Mama amelala kando yake. Mahali pangu mimi siku nikifukuzwa na dunia ni pale, kwenye migomba ile. Na wewe uliyekasirika hadi ukashindwa kula kwa sababu ya gari, umekaa mwezi mmoja tu kabla ya kuweka makaburi barabarani, kwa sababu mzee wa watu amekushika mkono kanisani. Obiero alichokozwa baa, wewe umechokozwa misani. Sijui nani kati yenu amelewa zaidi.

Nimekwenda kwa Jovinary mwenyewe, ofisini kwake. Nimemwambia kibanja si cha mtu mmoja, kina ndugu, nami ni ndugu, na nikisikia leso imeanguka nitalala barabarani mbele ya magari nikiwa na sare ya zahanati. Amecheka kwanza, kisha hakucheka. Amerudisha barua ya kaka, ninayo. Gari hakurudisha, na sikumwomba. Lile mlilitoa wenyewe.

Kuhusu tairi. Nimezipakia kwenye mkokoteni nikazisukuma hadi kwa fundi wa katambuga, anayeshona viatu vya matairi pale Kirumba. Alilalamika sana kwamba mpira ni laini mno, hautadumu hata masika mawili. Nikamwambia akate tu. Nilisimama pale hadi akamaliza, nisije nikaambiwa kuna kipande kimebaki.

Zimetoka jozi nyingi, nimewagawia akina mama wa zahanati. Zenu mbili nimeziweka. Obiero, zako ziko mlangoni. Kaka, zako anazo Chenge, ni za mguu wako mkubwa, nilimwonyesha fundi kwa kupima na wangu na kuongeza vidole vitatu. Mzivae wote wawili. Fundi amesema zinashika lami vizuri sana.

Mimi nimevaa zangu tangu jana. Nyumba hii haina gari tena, na zahanati iko Kirumba, nami nikichelewa wagonjwa wananisubiri. Sasa natoka.

Josepha